Sauti Katika Spika Mbili

"Huyo si mimi," Mzee Mabruki alisema kwa mara ya tatu, akaipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika. "Zima."

Anselm akazima. Alikuwa fundi wa chumba cha kurekodi cha Gongoni, nyumba ya bati iliyotundikwa magunia kutani ili sauti zisirudi, na tangu asubuhi alikuwa na hasira. Juzi tu mzee huyu, mpagazi wa misafara tangu enzi za Mjerumani, aliimba wimbo wa kuondoka kambini, peke yake, bila ngoma. Aliuimba vizuri. Leo ameletwa ausikilize kabla haujapelekwa Dar es Salaam kutangazwa redioni, naye anaukana.

Bwana Pelling, Mwingereza mwenye chumba, hakumlaumu mzee. Alimlaumu Anselm. Alisema mbele ya watu kwamba spika kubwa imeharibika tangu Anselm alipoibandika karatasi mpya ya kutolea sauti baada ya ile ya zamani kuchanika, kwamba hayo ndiyo matunda ya kumwamini fundi aliyejifunzia kazi kwenye mahema ya jeshi kule Burma, na kwamba sauti ya mzee isipopatikana kufikia Ijumaa, fundi atarudi kwao kulima.

Mwanajuma, mjukuu wa mzee, akamshika babu yake mkono wakaondoka.

Mchana ule Anselm hakula. Karatasi ile aliikata mwenyewe, akaigundisha mwenyewe, na kazi yake aliijua. Kama Bwana haamini maneno, ataamini masikio yake. Akachukua kopo la biskuti, akalitoboa, akafunga ndani yake swichi ya njia mbili aliyoing'oa kwenye redio mbovu ya jeshi. Upande mmoja ukaingia waya wa kutoka kwenye mashine ya kuchezea utepe wa sauti. Upande wa pili zikatoka nyaya mbili: moja ya ile spika aliyoitengeneza, nyingine ya spika mpya ya Bwana iliyotoka Uingereza. Kopo halikuwa na betri wala taa. Ukigeuza swichi kushoto inaimba hii, ukigeuza kulia inaimba ile, na utepe unaendelea kuzunguka. Kila tone la risasi alilolehemu alilisindikiza kwa tusi.

Ijumaa Mzee Mabruki alikuja mwenyewe kabla ya kuitwa. Anselm alimwamkia shikamoo. Mzee aliitika marahaba bila kumtazama, akaketi, macho kwenye spika. Hakuwa tena yule mzee wa siku ya kurekodi, aliyejigamba kwamba wimbo ule waliuimba namna hiyo watu wawili tu duniani, yeye na kaka yake Shomari, na Shomari alikwisha mzika kwa mikono yake mwenyewe kwenye njia ya Rungwa. Sasa alikuwa amenyauka. Mwanajuma alimnong'oneza Anselm kwamba babu hali chochote, na nyumbani mtu akiutaja wimbo ule anafukuzwa.

Anselm akawasha mashine. Swichi kushoto. Kulia. Kushoto tena, katikati ya neno. Sauti haikubadilika hata chembe: kavu, ya mtu mzima aliyevuta tumbaku miaka mingi, ikikwama kidogo kabla ya kupanda. Bwana Pelling alisogea, akageuza swichi mwenyewe mara sita, mwishowe akanung'unika kwamba basi, spika ya fundi haina kosa.

Anselm alitaka kufurahi. Mzee Mabruki hakumpa nafasi.

"Nimesema si mimi," alisema. "Zima kitu hicho."

Hapo hasira yote ya Anselm ikamgeukia mzee. "Spika mbili zinasema neno moja, Mzee, wewe unasema lako. Kama si wewe, ni nani? Au unataka watoto wangu walale na njaa?"

Hakungoja jibu. Akauchomoa utepe kwenye mashine ili amwonyeshe Mwanajuma, aliyejua kusoma, jina la babu yake lililoandikwa nyuma ya gurudumu la utepe. Akaligeuza. Jina la Mabruki halikuwapo. Mwandiko wa Bwana ulisema: *Mzee mrina asali, Ipole.*

Mwezi uliopita Bwana Pelling alikuwa amekwenda Ipole na gari lake, bila fundi, akarudi na tepe tele. Sasa ikajulikana kwamba siku aliporekodiwa Mabruki, Bwana ndiye aliyechanganya maboksi ya tepe. Uso ulimwiva. Alisema kosa ni dogo, kwa kuwa wazee hawa wote huimba namna moja.

Anselm hakuwahi kumjibu Bwana hata siku moja. Siku ile alimjibu.

"Umenitukana mbele ya watu kwa kosa lako," alisema. "Na mzee wa watu tumemfanya mwongo."

Bwana Pelling akatoka, mlango akaubamiza. Anselm akamsogelea mzee, akainama.

"Nisamehe, Mzee. Ulisema kweli tangu mwanzo. Si wewe. Ni mtu mwingine tu."

Lakini Mzee Mabruki alikuwa ameteremka kwenye kiti, amekaa sakafuni, na machozi yanamtoka. Mwanajuma akapiga magoti karibu naye, akamuuliza analilia nini tena, na haki yake amekwisha ipata.

"Ni Shomari," alisema mzee. "Sikumzika. Nilimwacha porini na homa yake, yu hai, ananiita kwa jina, nikaja kumwambia mama nimemzika."