Hodi ya Tatu

Sheria ilitaka kila kompyuta ya nyumbani iachwe wazi, mkaguzi wa serikali aingie akiwa ofisini kwake wakati wowote apendao. Mwanakheri alikataa katakata. Kompyuta yake ya Linux aliifunga kwa ufunguo wa siri, nakala ya ufunguo akampa dada yake tu, aliyeko Pemba, aingie kwa mbali asome barua za marehemu mama yao. Wengine wote wapige hodi kama watu.

Asubuhi skrini ikaandika: "Hodi. Mkaguzi."

Mwanakheri aliendelea kuchambua mchele.

"Hodi!"

"Kwetu hodi ni tatu," alimwambia dada yake kwenye simu. "Asipoitikiwa, arudi alikotoka."

Ya tatu haikuja kwenye skrini. Ilipigwa mlangoni, kwa ngumi.

Mwanakheri akaokota chuya nyingine, wala hakuitika.