Haikutetema

Siku hizi kila mwanafunzi wa sekondari huvaa bangili inayotetema mwalimu akigusa jambo la mtihani. Walimu nao wameacha kufundisha mengine. Wazazi walishangilia, mimi sikushangilia, na sijasahau nani na nani walishangilia.

Jana tukimenya viazi nilimsimulia binti yangu, Tumsifu, jinsi babu yake alivyofukuzwa shule kwa kumuuliza mwalimu swali.

"Umenisikia?"

"Haikutetema, mama."

"Ni babu yako huyo, mwanangu."

"Najua ni babu. Lakini haikutetema."

Nikamvua bangili, nikaitupa kwenye ndoo ya maganda, nikaanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho, akipapasa mkono mtupu.

"Sasa nitajuaje lipi la kukumbuka?"

Nikachukua kiazi kingine, nikaanza tena.