Nzi wa Uzi Mwekundu

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 22 Februari 2017, saa kumi na moja jioni, mvua ilipoliangusha daraja la miguu pale bwawani. Wakubwa wa jiji walikuja, wakafunga utepe, wakapiga picha, wakarudi kwenye viti vyao. Wateja wa ng'ambo wakapotea. Cherehani ya fundi Marcellin, mtaani Troyeville, ikashika vumbi.

Mwezi wa Septemba Marcellin alinunua fimbo ya kuvulia, ya mtumba.

Mlinzi wa bwawa alikuwa Ruphin, Mkongo mwenzake, aliyejifunza uvuvi wa fimbo kwa bosi wake wa zamani. Alimsomea ubao wa getini, maana Marcellin shule aliiacha mapema. Marufuku kuogelea. Marufuku mtumbwi. Marufuku wavu. Ruhusa ni kuvua samaki aina ya besi tu, kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovikwa manyoya, na kila samaki arudishwe majini.

"Yaani jasho lote hilo, halafu namrudisha?"

"Sheria yao, Papa," Ruphin alisema; kwao kila mzee ni Papa.

"Yao kweli."

Ruphin alimfundisha kurusha. "Peleka nyuma, ngoja kamba inyooke, ndipo ulete mbele. Wewe unachapa kama unafukuza mbuzi!"

Nzi Marcellin aliwafunga mwenyewe, kwa manyoya ya kuku na uzi mwekundu wa dukani kwake. Ila ndoano zake zilikuwa kubwa, na alizizungushia waya wa risasi ili zizame.

"Eish, Papa, huyo si nzi, ni kuku mzima! Besi wa msimu huu wako pale kwenye matete, penye kina kifupi."

Marcellin hakwenda kwenye matete. Kila Jumapili alirusha katikati, penye visiki vya nguzo za daraja, akaacha nzi azame hadi chini, akavuta polepole. Kisha hatua moja kulia, akarusha tena, mstari baada ya mstari, kama anayeshona. Besi aliponasa, alimchomoa akamwachia.

"Mkubwa hivyo, hata hukumtazama?"

"Si yeye."

"Kumbe una wako!" Ruphin alicheka peke yake.

Agnès, dada wa marehemu mkewe Célestine, alimletea ugali. Alimtazama alivyokonda.

"Shemeji, hii nguo nyeusi utaivua lini? Ndugu kule Lubumbashi wanauliza kila wiki."

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini? Kuchezea samaki?"

Alikula, akarudi kwenye ndoano zake.

Mwisho wa Oktoba wakubwa walitangaza kwamba Jumatatu wangeanza kulijaza bwawa kifusi. Jumapili Marcellin alifika kabla ya geti kufunguliwa. Mabega yalimuuma. Saa tisa alasiri fimbo ikapinda hadi kwenye maji.

"Ndiye huyo!" Ruphin alipiga kelele. "Mpe kamba, Papa, atakata!"

Lakini aliyenaswa hakupigana. Alikuja mzito, kimya. Marcellin akaingia majini na viatu vyake, marufuku au si marufuku. Kikatokea kipande cha kitenge chenye tope. Kilichobaki kilikuwa bado chini, kizito.

"Aa, takataka," Ruphin alisema.

Marcellin alifuta tope kwa kidole gumba mpaka pindo likaonekana. Uzi mwekundu, mishono miwili miwili, mkono wake mwenyewe: sketi aliyommalizia Célestine Jumatano ile mchana, kabla hajavuka daraja.

Februari ile wakubwa walitafuta siku mbili, wakaandika kwamba bwawani hakuna mtu. Walitafuta wapi?