Tonge la Bologna

Bologna ni mji wa zamani sana, na siku hizi mtu hajichagulii pa kula, awe mgeni au mwenyeji. Ukishuka garimoshi, mashine inakugusa ulimi na kukupangia mkahawa mmoja ambako utakula vizuri. Kwingine milango haikufungukii. Majumbani majiko yalishaondolewa.

Nilikuja kumwona binti yangu Mwanahija baada ya miaka tisa. Hamu yangu ilikuwa moja tu, tule sahani moja kama tulivyokuwa tukila kwetu Pangani.

"Sahani moja, mama?" alicheka. "Kwa ulimi wa nani?"

Mimi nilipangiwa mkahawa wa kichochoroni nyuma ya soko, yeye wake uko ng'ambo ya mji. Akanisindikiza, akasimama nje ya kioo. Nililetewa vibahasha vya unga vilivyojazwa boga, vinachuruzika siagi. Sitasema uongo, sijawahi kula chakula kitamu vile. Nikawa natafuna huku namtazama mwanangu anavyojifuta kamasi kwa baridi.

Nikachukua kimoja kiganjani, nikatoka nacho.

"Mama, usifanye hivyo, watu wanaona!"

"Fumbua mdomo, wewe. Kabla ya mashine alikulisha nani?"

Akafumbua. Alitafuna mara mbili, machozi yakamlengalenga, nami nikafurahi. Kumbe alikuwa anajikaza asitapike. Miaka tisa ulimi wake haujagusa chakula cha mtu mwingine. Akageuka, akakitema taratibu kwenye leso, akaikunja vizuri.

"Kitamu, mama," alisema. "Rudi ndani, kitapoa."