Saa Moja ya Theluji

Évariste Maillot aliteremka ngazi za hoteli mbiombio, brashi mkononi na rangi ndevuni, akaenda kusimama mbele ya sepetu za wafagiaji wa jiji la Paris.

"Theluji hii msiiguse," alisema.

Wafagiaji walicheka. Mnyapara wao, Bourdelet, hakucheka. "Bwana, farasi akiteleza hapa akavunjika mguu, wa kulaumiwa ni mimi."

"Nipe saa moja tu. Miaka miwili mfululizo theluji imeniyeyukia kabla sijamaliza. Leo adhuhuri mnunuzi anakuja. Akikuta picha nusu, anapanda treni kwenda zake, na mimi narudi kwa shemeji yangu kuuza vifungo."

Bourdelet alitaka kwanza aione hiyo picha. Wakapanda hadi ghorofa ya nne wakihema. Karibu na dirisha ilisimama barabara nyeupe, yenye miti mitupu na madoa meusi chungu nzima.

"Hawa sisimizi ni kina nani?"

"Watu."

"Mbona hawana nyuso?"

Maillot alihisi damu ikimpanda kichwani. Swali hilo alikwisha kuulizwa na kila mtu, hata mama yake mzazi. "Hawasimami, mzee. Huyu anapita, yule anapita, gari nalo linakata kona kabla sijachovya brashi. Hizo nyuso nizichore saa ngapi?"

Mnyapara aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akamtazama mchoraji kwa huruma. "Kumbe ndivyo wanavyokutesa," alisema. "Basi saa moja nimekupa. Tena nitakusaidia."

Maillot nusura alie. Hakuuliza ni msaada gani. Alikaa akachanganya rangi nyeupe na buluu, akaipata sawasawa baada ya kuikosa mara tatu. Kilichobaki ilikuwa kona ya chini tu, penye pilikapilika za watu na magari, na bila pilikapilika hizo picha haikuwa na uhai wowote. Akainua brashi, akachungulia nje.

Barabara nzima ilikuwa imesimama. Farasi walikuwa wameshikwa hatamu, wanawake wamekunja miavuli, wanaume wamevua kofia, na wote wamemkazia macho dirishani kama waliokwenda kwa mpiga picha.

"Chora taratibu, bwana," Bourdelet alipaza sauti kutoka chini, sepetu begani. "Hatikisiki mtu hapa mpaka umalize nyuso zote."