Kamera ya Saa Kumi

Chingamu. Fundi aliikwangua kwa wembe kutoka kwenye jicho la kamera, ikabanduka na unywele wake na alama za meno.

"Ptuu!" Akaitupa pipani. "Mama, hii laptop unaiweka wapi? Chooni?"

"Mezani, mwanangu."

Na mama mwenyewe alikuwa msafi wa kutamanisha: gauni limenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa. Lakini laptop yake! Chini ya vitufe kulikuwa na uji wa sukari uliokauka, na ndani ya uji mende wawili, chali, miguu juu. Fundi alianza kuvuta pumzi kwa mdomo. Alishawahi kufungua mashine iliyokojolewa na paka, akala chakula chake cha mchana vizuri tu. Leo njaa ilimhama.

"Wajukuu ndio wamekufanyia haya?"

"Sina wajukuu. Naishi peke yangu. Mume wangu yuko kazini, mbali."

Shida ilikuwa kamera. Mume alipiga kila siku saa kumi jioni, na lazima amwone mkewe. Sasa ilikuwa wiki ya tatu anaona giza, na ameanza kufoka. Simu kubwa, ya kuonana, mume aliondoka nayo. Mama alibaki na ya vitufe. Kwa hiyo ni laptop, au basi.

"Ukishindwa," mama aliuliza, "utaniandikia karatasi? Yenye muhuri. Anataka ushahidi kwamba nimehangaika."

Fundi saa, waliyepanga naye kile chumba cha kazi, alicheka bila kuinua uso kwenye saa yake. "Mama kakusoma, bwana! Mgonjwa hujamgusa, yeye anataka cheti cha kifo!"

"Mimi sishindwi," fundi akasema. "Karatasi za kushindwa humu hatuna."

Akaiwasha. Kilichotokea kwenye kioo kikamkera kuliko mende. Haukuwa ule mfumo endeshi wa dukani uliozoeleka. Ulikuwa ule wa bure, unaotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima, ambao kila anayeuleta pale huja na hotuba ya uhuru na tatizo la sauti.

"Nani kakuwekea huu uchafu?"

"Nimeuweka mwenyewe. Nilisoma mtandaoni. Siku mbili nikamaliza."

"Basi hukusoma vizuri. Kamera ya laptop za aina hii na huu mfumo ni paka na panya. Watu wanalalamika mwaka wa sita sasa."

"Nilisoma, mwanangu. Nilisoma yote."

Fundi alimwonea huruma. "Sikia. Nikurudishie ule wa kawaida. Ninao hapa, wa chee. Dakika arobaini tu, kamera hiyo."

"Wa wizi?"

"Wa... kuazima."

"Cha wizi hakiingii kwangu."

Fundi saa alicheka mpaka skrubu ikamdondoka.

Basi ikabidi atafute draiva, ile programu ndogo ya kuiamrisha kamera. Ya kwanza ilizima kioo kizima. Ya pili iliiwasha kamera kweli, ila fundi akajiona kichwa chini miguu juu, kijani kama mkate uliovunda. Mashine ilivyozidi kupata moto, feni ikaanza kupuliza harufu ya uji uliochacha, moja kwa moja usoni kwake. Akageuka pembeni, akakohoa.

"Imeshindikana," mama alisema haraka. "Andika tu, mwanangu. Sitakulaumu."

"Andika, bwana," akadakia fundi saa. "Kama ni wino, ninao."

"Nimesema sishindwi!"

Saa tisa na nusu aliangukia andiko la juzi tu mtandaoni. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alikuwa amerekebisha mistari minne ya ile draiva, akaiachia dunia bure. Fundi akaichukua. Maandishi mekundu yakajaa kioo. Akafuta, akarudia. Mekundu tena. Akafungua kifuniko cha chini, akang'oa kwa kibanio mguu wa mende uliokwama kwenye waya wa kamera, akaufuta mkono kwenye suruali mara tatu, akarudia. Safari hii maandishi yakaja meupe, mpaka mwisho.

Mama alikuwa ameshasimama, mkoba ameukumbatia kifuani. "Umechoka, mwanangu. Hujala tangu asubuhi. Iache."

"Mama, kaa kitini. Leo mumeo atakuona mpaka tundu za pua."

Akaizima. Akaiwasha.

Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya kioo, na uso wa mama ukatokea katikati, umesimama sawasawa, kila kunyanzi mahali pake.

"Kiboko!" fundi saa akapiga meza. "Bwana wewe, nakuvulia kofia!"

"Nilisema nini mimi? Nilisema nini?" Fundi akafungua akaunti ya mama ahakikishe na mtandao. Haikupita dakika, ikatimia saa kumi, laptop ikaanza kuita. Picha ya mwanamume mwenye tai ikajaa kioo. Fundi akaupangusa ule uchafu uliobaki kwa mkono wa shati lake mwenyewe, kwa furaha, akaigeuza mashine imtazame mama.

"Haya, pokea!"

Mama alinyoosha kidole, akakibandika juu ya jicho la kamera.

"Mafundi wenzako watatu walishindwa," alinong'ona. "Mungu awazidishie."