Mshale Kwenye Hamsini

Kitu cha kwanza Mama Jordan alichokitoa kwenye khanga hakikuwa mita mpya ya mwendo wa pikipiki, bali ile ya zamani iliyovunjika. Aliiweka juu ya meza ya fundi kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

"Shikamoo, mama," fundi Hamza alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo usiiguse. Mpya anayo Fabian."

Hamza hakuigusa. Aliitazama mara moja tu: kioo kimepasuka, mshale mwekundu umekwama kwenye hamsini, na kati ya skrubu nne za pembeni, tatu nyeusi, moja ya shaba. Akageuka, akachukua bisibisi.

Pikipiki aliifahamu. Ilikuwa ya Jordan, aliyebeba abiria kule Bahi miaka minne. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu agonge ukingo wa daraja akiwa amempakia Ruthu, binti wa jirani yao Mzee Matonya. Walizikwa siku moja. Sasa pikipiki ilikuwa na shokapu mpya na taa mpya, na Fabian, mdogo wake marehemu, ndiye angeiendesha. Mahali pa mita tu ndipo palipobaki wazi, nyaya zikining'inia.

Ufundi Hamza alifundishwa na makosa yake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alitafuta waya wa moto kwa taa ya kupimia, akautenga. Akatafuta wa ethi, unaorudisha umeme kwenye fremu. Akaunga mmoja mmoja, kila kiungo akikivuta kidogo kabla ya kukizungushia tepu. Alibandika sumaku ndogo kwenye gurudumu la mbele na sensa ya kuihisi sumaku hiyo kwenye shokapu, kisha akapima mzunguko wa tairi kwa futi kamba.

"Unapima ya nini?" mama aliuliza.

"Hii haina kebo kama ile, mama. Inahesabu mizunguko ya gurudumu. Nikiidanganya ukubwa wa tairi, nayo itawadanganya ninyi."

"Basi usiidanganye."

Fabian alichungulia. "Ina namba nyingi kuliko simu yangu. Mpaka joto la injini! Bado kupima uzito wa abiria tu."

"Nyamaza wewe. Utanipakia, na mimi nitachungulia begani kwako kama nilivyokuwa nachungulia kwa kaka yako."

Alisogeza kigoda karibu na fundi.

"Watu wanasema mwanangu alikuwa anakimbia. Mimi ndiye niliyekaa nyuma yake miaka yote. Siku tulipokwenda maziko Kigwe, upepo ulininyang'anya kitambaa kichwani. Nikaogopa, nikachungulia: hamsini. Tukafika kabla ya waliotangulia na gari. Nikasema, leo Mungu ametufupishia njia."

Hamza alikaza skrubu iliyokuwa imekwisha kukazwa.

"Tangu tuwazike watoto wetu, Mzee Matonya haitikii salamu yangu," mama aliendelea. "Bomba letu ni moja. Nikifika, mkewe anaondoka na ndoo tupu. Jumapili baada ya ibada wanakuja kwangu na wazee wao. Nimemwambia mita ninayo, mshale umesimama kwenye hamsini. Kajibu, aje fundi aape kwamba mshale hukwama pale mwendo ulipokatikia. Fundi akiapa, yeye atakula tena ugali wangu."

"Mafundi wapo wengi, mama."

"Jordan hakumwamini mwingine."

Hamza aliinua gurudumu la mbele, akamwomba Fabian alizungushe kwa mkono. Kioo kipya kikawaka buluu, na namba zikapanda: kumi na mbili, thelathini na moja, hamsini na nane.

"Imepita hamsini!" Mama alishika kifua.

"Ni gurudumu tu, mama. Tumelizungusha hewani."

"Ya Jordan haikupita hata siku moja."

Kazi ilikuwa imekwisha. Hamza alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, hadi ikawa safi, na bado akaendelea kufuta. Mama alimsubiri.

"Mita ikipigwa ghafla," Hamza alisema hatimaye, polepole, "mshale unaweza kukwama palepale ulipokuwa."

"Sema hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze. Utakuja?"

Hamza alitazama ile mita mezani.

"Nitakuja, mama."

Mama Jordan aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akaviringisha mita ya zamani kwenye khanga, akaifunga mafundo mawili, akapanda nyuma ya Fabian. Walipoingia barabarani, shingo yake ilikuwa imenyooka juu ya bega la mwanawe, macho yake kwenye namba za buluu.

Hamza alikaa hadi mlio wa pikipiki ulipopotea. Akavuta kopo la skrubu, akalipekua kwa kidole mpaka akaipata: skrubu moja nyeusi, ndogo, iliyomdondoka mwaka jana, akafunga ya shaba badala yake. Ilikuwa siku aliyoifungua mita ya Jordan, akapachika chini ya mshale kipini cha kuuzuia, chembamba kama ncha ya sindano.

"Hapohapo kwenye hamsini, fundi," Jordan alikuwa amemwambia, huku akicheka. "Usipite hapo, hata nikikimbia vipi. Mama akipanda nyuma, haangalii barabara. Anaangalia mshale tu."